Mkwaju Mmoja Uwanjani Vipingo

Wanangu, mkipanda matatu Mombasa kwenda Malindi, mkishapita Mtwapa na Kikambala mtaanza kuona mkonge. Mkonge kushoto, mkonge kulia, safu ndefu zinazokwenda mpaka jicho linachoka. Hapo ndipo Vipingo, Kaunti ya Kilifi. Upande wa bara ardhi inapanda taratibu, na juu ya mwinuko huo, mahali palipokuwa shamba la mkonge, kuna uwanja wa gofu wenye mashimo 18. Mibuyu imeachwa isimame katikati ya nyasi, nayo ndiyo iliyoupa uwanja jina lake, Baobab. Ukifika juu unaiona bahari yote iko chini yako.

Aliyeuchora uwanja huo ni David Jones wa Ireland ya Kaskazini. Hakuja Kenya kwa mara ya kwanza akiwa na karatasi na kalamu. Mwaka 1989 alikuja kama mchezaji, akashinda Kenya Open, lile shindano la wanaume lililoanza mwaka 1967 na ambalo mpaka leo hakuna Mkenya aliyelitwaa. Miaka mingi baadaye akarudi kuwatengenezea wenzake mahali pa kuhangaikia. Mtu aliyewahi kupotelewa na mpira kichakani anajua vizuri kichaka kikae wapi.

Najua wengi wenu mnaupita tu uwanja huo njiani. Lakini kuna mambo makubwa yametokea juu ya kile kilima, yameandikwa kwenye historia ya mchezo duniani, na waliotenda mambo hayo ni wanawake, tena wengine walikuwa na umri wa kaka na dada zenu. Nataka niwasimulie habari zao. Na kwa sababu kila mto una chemchemi yake, itabidi tusafiri kidogo hadi Marekani ya zamani, tumtafute mwanamke mmoja ambaye bila yeye na wenzake, hawa wa Vipingo wasingekuwa na kazi ya kufanya.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wale ambao hawajauona. Una kijipira kinachoenea kiganjani, una mkoba wenye fimbo zisizozidi 14, na mbele yako, pengine mita 150, pengine mita 450, kuna bendera iliyosimamishwa ndani ya shimo. Shimo lenyewe lina upana wa sentimita 10.8 tu. Kila ukiupiga mpira, ni mkwaju mmoja. Anayemaliza mashimo yote 18 kwa mikwaju michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kila uwanja umewekewa kipimo, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia, na tuseme kipimo hicho ni 72. Ukirudi na 70 umeushinda uwanja kwa mikwaju miwili. Ukirudi na 75, uwanja umekushinda kwa mitatu.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndiyo roho ya hadithi yote. Mkwaju unaouinua mpira juu ya mibuyu mita 200, watu wakapiga makofi, unahesabiwa mmoja. Mkwaju wa kuusukuma mpira upana wa kiganja ili utumbukie shimoni, nao unahesabiwa mmoja. Kadi ya mchezaji haina mahali pa kuandika kwamba huu ulikuwa wa kupendeza na ule ulikuwa wa bahati mbaya. Inaandikwa namba tu. Mchezaji wa mpira wa miguu anaweza kulala dakika 80 na kufunga bao dakika ya 85, akabebwa mabegani. Gofu haina huruma hiyo. Alichopoteza saa mbili asubuhi ya Alhamisi bado kinamngoja jioni ya Jumapili.

Kwa sababu mashindano ya wachezaji wa kulipwa kwa kawaida huchukua siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 72 kwa jumla. Baada ya siku mbili za kwanza kuna mchujo. Karibu nusu ya wachezaji, wale wenye mikwaju mingi, hufungasha virago na kuondoka bila hata senti. Nauli ya ndege, malazi, chakula na ujira wa kedi anayewabebea mkoba, vyote vimeshawatoka mfukoni. Wanaobaki hugawana mfuko wa zawadi kulingana na nafasi zao. Kwenye shindano la wanawake la Vipingo mfuko huo ulikuwa yuro 300,000, na aliyeshinda alichukua asilimia 15, yaani yuro 45,000. Kati ya anayerudi na fedha hizo na anayerudi na deni, tofauti ya mikwaju ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Na Vipingo kuna upepo. Hili sina haja ya kuwafundisha watu wa pwani. Mashindano ya wanawake pale yamechezwa Disemba na Februari, majira ya kaskazi. Mpira uliopigwa kwa fimbo ileile na nguvu ileile, ukielekezwa upepo unakotoka unadondoka mapema. Ukielekezwa upepo unakokwenda unapitiliza, unaingia majanini. Mvuvi wa Takaungu analijua hilo tangu utotoni. Msichana aliyekulia Ujerumani inabidi ajifunze ndani ya siku moja au mbili, na mara nyingi mwalimu wake ni kedi, kijana wa hapahapa, ambaye anatazama majani ya mbuyu na kumwambia achukue fimbo nyingine.

Disemba 2019, tarehe 5 hadi 8, mzunguko wa mashindano ya wanawake wa Ulaya, Ladies European Tour, ulifika Vipingo kwa mara ya kwanza. Shindano liliitwa Magical Kenya Ladies Open, na lilikuwa la mwisho wa msimu. Hebu fikirini uzito wake: wachezaji walikuwa wamezunguka nchi baada ya nchi tangu mwanzo wa mwaka, wakikusanya alama, na hesabu ya nani awe wa kwanza barani Ulaya ikaja kufungwa Kilifi.

Miongoni mwao alikuwapo Esther Henseleit, Mjerumani mwenye umri wa miaka 20. Alikuwa katika msimu wake wa kwanza kama mchezaji wa kulipwa na hakuwa ameshinda hata shindano moja katika mzunguko ule. Jumapili asubuhi alianza akiwa nyuma ya wanaoongoza. Mchezaji aliye nyuma ana njia mbili. Anaweza kuanza kubahatisha, kuulenga kila mpira bendera, na mara nyingi anaishia mchangani. Au anaweza kucheza shimo lililo mbele yake kana kwamba mengine hayapo. Henseleit alirudi na kadi ya mikwaju 64, minane chini ya kipimo cha uwanja. Akaketi kungoja. Waliokuwa bado uwanjani wakamaliza mmoja baada ya mwingine, na hesabu ilipofungwa alikuwa ameshinda kwa mkwaju mmoja.

Mkwaju mmoja huo haukumpa kombe la Kenya pekee. Ulimfanya amalize wa kwanza kwa alama za mwaka mzima Ulaya, na papo hapo awe mchezaji mgeni bora wa mwaka, mambo mawili ambayo Laura Davies wa Uingereza aliyapata pamoja mwaka 1985, na Carlota Ciganda wa Hispania mwaka 2012. Alirudi Vipingo Februari 2022, baada ya korona kulisimamisha shindano, akashinda tena. Kisha Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, akapata medali ya fedha nyuma ya Lydia Ko wa New Zealand. Watu wa Paris walishangaa ametoka wapi. Waliokuwa Vipingo siku ile ya 64 nadhani hawakushangaa.

Na aliyekosa kwa mkwaju mmoja? Alikuwa Aditi Ashok, msichana wa Bengaluru, India. Lishikeni jina hilo, nitarudi kwake.

Kwanza twende Texas. Mji unaitwa Port Arthur, uko kando ya maji, una viwanda vya mafuta, na mwaka 1911 alizaliwa hapo msichana aliyeitwa Mildred Didrikson. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Norway, watu wa kipato kidogo, nyumba imejaa watoto. Kila mtu alimwita Babe, na ulimwengu ukamjua kwa jina hilo. Alikimbia, aliruka, alirusha, alicheza mpira wa kikapu, na hakuficha kwamba alijiona bora kuliko wote. Majivuno yake yaliwakera wengi. Mimi namsamehe, kwa sababu alichokisema alikuwa akikitenda.

Mwaka 1932 yalifanyika mashindano ya taifa ya riadha ya wanawake wa Marekani, yaliyokuwa pia ya kuchagua timu ya Olimpiki. Vilabu vilileta timu. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi Babe ilileta timu yenye mtu mmoja: yeye. Aliingia katika michezo minane ndani ya saa chache, akakimbia kutoka mkuki kwenda viunzi, kutoka viunzi kwenda kuruka. Mwisho wa siku timu yake ya mtu mmoja ilikuwa na pointi 30. Timu ya pili, kutoka Illinois, ilikuwa na wanawake 22 na pointi 22. Wiki chache baadaye, Olimpiki ya Los Angeles, akapata dhahabu ya mkuki, dhahabu ya mbio za viunzi mita 80, na fedha ya kuruka juu.

Lakini mwanamke wa miaka ile, hata akiwa na medali tatu, angekula nini? Riadha haikulipa. Babe alijaribu hili na lile, mpaka akaushika mchezo wa gofu kwa dhati. Akafanya mazoezi mpaka viganja vinatoka malengelenge. Mwaka 1935 akashinda ubingwa wa wanawake wa Texas, wale wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Mara baada ya hapo wakubwa wa gofu wakatamka kwamba yeye si wa ridhaa tena kwa kuwa alishapata fedha kwa michezo mingine. Hapo ndipo ubaya ulipo: alifukuzwa upande wa wasiolipwa, na upande wa wanaolipwa wanawake hawakuwa na mashindano ya maana. Mlango mmoja umefungwa, mwingine hauna nyumba nyuma yake.

Alifanya nini? Alikwenda kucheza na wanaume. Mwaka 1938 aliingia Los Angeles Open, shindano la wanaume, hakupita mchujo, ila alipangwa kundi moja na mcheza mieleka aitwaye George Zaharias, na kabla ya mwaka kwisha wakaoana. Akasubiri miaka hadi akarudishiwa haki ya kucheza ridhaa. Mwaka 1945 akarudi Los Angeles Open kwa wanaume walewale, na safari hii akapita mchujo. Mwaka 1946 akawa bingwa wa ridhaa wa wanawake wa Marekani. Mwaka 1947 akavuka bahari hadi Gullane, Scotland, akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza. Halafu akageuka kuwa wa kulipwa, na mwaka 1948 akashinda U.S. Women's Open kwa tofauti ya mikwaju minane.

Mwaka 1950 ndio mwaka ninaotaka muukumbuke. Wanawake 13, Babe akiwa mmoja wao, Patty Berg akiwa rais wao wa kwanza, waliunda chama chao wenyewe cha wachezaji wa kulipwa, LPGA. Hawakungoja kuitwa. Walipanga mashindano, walitafuta wa kuwadhamini, walitembeza magari yao mji hadi mji, na wakifika walishuka kucheza. Ndiyo iliyokuwa mbegu. Wanawake wa Ulaya walianzisha mzunguko wao mwaka 1978, na mzunguko huo ndio uliopanda kile kilima cha Vipingo mwaka 2019. Kwa hiyo mkiuliza ni nani aliyemlipa Henseleit, jibu la kwanza ni wadhamini wa shindano, na jibu la ndani zaidi ni wale 13.

Msidhani wale 13 waliwafungulia wanawake wote. Wote walikuwa weupe, katika nchi ambayo watu weusi walizuiwa kwenye viwanja vingi vya gofu wasiingie ila kwa kubeba mikoba ya wengine. Chama cha wanaume, PGA, kilikuwa na kifungu kilichoandikwa waziwazi kwamba wanachama wake ni wazungu tu, na kifungu hicho hakikuondolewa mpaka 1961. Mwanamke wa kwanza mweusi kucheza katika mzunguko wa LPGA alikuwa Althea Gibson, aliyekuwa ameshashinda Wimbledon ya tenisi mara mbili, 1957 na 1958. Aliingia gofu mwaka 1964 akiwa ameshakaribia miaka 37, umri ambao wengine wanafikiria kustaafu. Hakuwahi kushinda shindano la LPGA. Alilikaribia mwaka 1970, watatu wakafungana kileleni, wakaongezewa mashimo, na mwingine akashinda. Namtaja hapa kwa sababu ninyi ni watoto wa Afrika na mna haki ya kujua kwamba mlango huu ulifunguliwa mara mbili, na mara ya pili aliyeusukuma alikuwa mmoja.

Nirudi kwa Babe. Mwaka 1953, akiwa kileleni, madaktari walimkuta na saratani ya utumbo. Wakamfanyia upasuaji, wakakata sehemu ya utumbo mpana na kumfungulia njia ya choo tumboni, ili aishi akivaa mfuko mdogo chini ya nguo. Siku hizo saratani ilikuwa kitu cha kunong'onwa, familia zikificha jina lake. Babe aliliita kwa jina lake magazetini, akawatia moyo wagonjwa wengine, na baada ya wiki 14 hivi alikuwa tena uwanjani akicheza mashindano.

Mwaka uliofuata, Julai 1954, U.S. Women's Open ilichezwa klabu ya Salem, jimbo la Massachusetts. Wakati huo siku ya mwisho ilikuwa ya kucheza mashimo 36, raundi mbili kwa siku moja, kilomita nyingi za kutembea juani. Mtu mzima mwenye afya anafika jioni akivuta miguu. Babe alitembea yote na mfuko wake ubavuni, akashinda kwa mikwaju 12. Zawadi yake ilikuwa dola 2,000. Huo ulikuwa ushindi wake wa tatu wa shindano hilo, baada ya 1948 na 1950. Saratani ilirudi, akafariki Septemba 1956 akiwa na miaka 45, akiwa ameshinda mashindano 41 yanayohesabiwa na LPGA, 10 kati yake yakiwa yale makubwa kabisa.

Mikwaju 12 ni mingi mno. Wengi wa wachezaji hawawahi kuiona tofauti ya namna hiyo maishani. Wanaishi kwenye mkwaju mmoja, na sasa ndipo ninapomrudia Aditi Ashok.

Aditi alizaliwa mwaka 1998. Mwaka 2016, akiwa na miaka 18, alicheza Olimpiki ya Rio, gofu ya wanawake iliporudi Olimpiki baada ya kukosekana tangu mwaka 1900. Baba yake ndiye aliyembebea mkoba. Mwaka huohuo akawa Mhindi wa kwanza kushinda shindano la mzunguko wa wanawake wa Ulaya, tena nyumbani kwao India. Si msichana wa kupiga mpira mbali. Wenzake wengi humwacha nyuma kwa mkwaju wa kwanza. Nguvu yake iko mwishoni, kwenye nyasi zile zilizonyolewa sana kuzunguka shimo, mahali ambapo mkono unapaswa kuwa mwepesi na jicho halipaswi kusema uongo. Na kama mlivyosikia, kwenye kadi mkwaju huo mfupi una uzito uleule wa mkwaju mrefu. Kwa hiyo amejenga kazi yake yote juu ya jambo ambalo watazamaji hawalipigii makofi.

Disemba 2019, Vipingo, alikosa kwa mkwaju mmoja. Agosti 2021 alikwenda Olimpiki ya Tokyo akiwa nafasi ya 200 duniani, safari hii mama yake akimbebea mkoba. Siku baada ya siku alikuwa kwenye nafasi za medali. Nchini India watu ambao hawajawahi kugusa fimbo ya gofu waliamka alfajiri kumtazama. Alimaliza mikwaju 15 chini ya kipimo. Waliopata fedha na shaba walikuwa 16 chini. Nafasi ya nne, bila medali, kwa mkwaju mmoja.

Hebu tulieni hapo kidogo. Mikwaju zaidi ya 260 kwa siku nne, na mmoja tu ndio uliomtenga na medali. Ulikuwa upi? Hakuna anayeweza kusema, kwa sababu kila mmoja ungeweza kuwa ndio. Ule wa siku ya kwanza uliopita kando ya shimo kwa upana wa kidole. Ule uliokamatwa na upepo siku ya tatu. Mchezaji anayejiuliza swali hilo usiku kucha hawezi kuamka kesho akacheza. Aditi aliamka akacheza.

Februari 2023 akarudi Vipingo. Kaskazi ilikuwa ikivuma kama kawaida yake, uwanja mgumu, na wachezaji wengi walirudi na kadi zilizowahuzunisha. Yeye alishinda kwa mikwaju tisa. Tisa! Aliyekuwa wa pili hakuona hata vumbi lake. Juu ya nyasi zilezile, chini ya mibuyu ileile, alipokosa kwa mkwaju mmoja mwaka 2019. Kwangu mimi huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote uliotokea pwani yetu katika mchezo huu, na nausema nikijua vizuri kwamba Henseleit alipiga 64.

Februari 2024 akaja mwingine, Shannon Tan wa Singapore, miaka 19. Alikuwa amesoma chuo kikuu Texas, jimbo la Babe, kabla ya kuacha ridhaa na kuwa mchezaji wa kulipwa. Vipingo lilikuwa shindano lake la kwanza kama mwanachama wa mzunguko wa Ulaya. Akalishinda, akawa wa kwanza kutoka Singapore kufanya hivyo, na mwaka huohuo akaiwakilisha nchi yake Paris.

Mjerumani mara mbili, Mhindi, Msingapori. Mtauliza: na wetu je? Kenya ina Bi Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza nchini kuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa, ambaye baadaye alifungua chuo cha kuwafundisha watoto mchezo huu, wakiwemo wasichana ambao wazazi wao hawakuwahi kuwa wanachama wa klabu yoyote. Kenya ina Naomi Wafula, ambaye ameingia uwanjani Vipingo kwenye shindano hili hili na kupangwa pamoja na wachezaji kutoka kila bara. Ugumu wao si kipaji. Mpira ni ghali, fimbo ni ghali zaidi, na msichana wa Vipingo hawezi tu kuvuka barabara akaanza kupiga. Henseleit na Tan walikua na makocha na mashindano ya vijana. Wa kwetu wengi huanza kwa kubeba mkoba wa mtu mwingine, kama walivyoanza mabingwa wengi wa dunia, na hapo hutegemea kama klabu itawaruhusu kupiga mipira jioni wanachama wakishaondoka. Klabu zinazoruhusu hivyo zinafanya kazi njema, na zisizoruhusu zinajinyima mabingwa.

Malindi nako kuna uwanja wa gofu, mdogo kuliko wa Vipingo, wenye upepo wa bahari uleule. Walio karibu na Malindi waombe ruhusa wakatazame siku ya mashindano ya klabu. Huhitaji kuwa mwanachama ili uwe na macho.

Mkipata nafasi ya kwenda Vipingo siku wanawake wa kulipwa watakapokuwa wanacheza, nawapa maelekezo machache. Nendeni Ijumaa, msingoje Jumapili, maana Ijumaa ndiyo siku ya mchujo, na mtu anayepigania kubaki hucheza kwa moyo kuliko anayeongoza. Msifuate umati. Kaeni karibu na bendera ya shimo moja, mwangalie makundi yakipita, wote wakijaribu kutatua fumbo lilelile kwa njia tofauti. Mchezaji akisimama juu ya mpira, nanyi simameni, simu zizimwe, hata mtu akikutekenya usicheke. Na kwenye ubao wa matokeo, namba nyekundu ni za walio chini ya kipimo cha uwanja. Mtafuteni mwenye jina lenye bendera ya Kenya, mfuateni mashimo mawili matatu, na akiuingiza mpira shimoni, hapo ndipo mpige makofi kwa nguvu zenu zote, hata kama mkwaju wenyewe ulikuwa wa upana wa kiganja.